Kibonyeo cha Kiboko

Tuliikuta Maseno, nyuma ya jiko la marehemu mwalimu Ogwayo,
Peujo mia tano na nne, ya mwaka sabini na sita,
marando ya viazi yamepanda hadi usawa wa vioo,
kuku ameatamia kwenye siti ya dereva
akitutazama kama mwenye leseni.

Mjane wake, Dorsila, hakutaja bei.
Kwanza aliokota mayai, manne, akayafunga kwenye leso,
ndipo akasema: elfu themanini,
na kibonyeo hicho msikiguse.

Kilikuwa mlango wa nyuma, kushoto, upana wa karai.
Mwaka wa Elnino, usiku, njia ya Dunga,
kiboko alitoka kwenye matete, akaligonga gari kwa bega,
akarudi majini bila kuomba radhi.
Mwalimu alikihubiri kibonyeo kile miaka yote iliyobaki.
Kila mgeni alishikwa mkono, akapelekwa kukipapasa.
"Hapa," alikuwa akisema, "ndipo Mungu aliponisogeza inchi tatu."

Nikaitikia.
Anayeuziwa gari kwa elfu themanini
huitikia kwa mfuko, si kwa masikio.

Tulilivuta hadi Kibuye nyuma ya lori la mchanga.
Sakafu yake ilikuwa kutu iliyokumbuka kuwa chuma.
Injini haikuwa na la kutuambia; tukaing'oa,
tukapachika ya Toyota iliyopinduka Awasi,
ikaingia kwa manung'uniko, kama mkwe asiyejua lugha ya boma.
Wandera akakata, akachomelea, akatukana, akakata tena.
Breki mpya. Usukani mwepesi wa kugeuzwa kwa kidole.
Kiyoyozi. Redio yenye kioo, inayoitika simu.
Na ndani ya macho yale ya usingizi
tukatia taa nyeupe, kali, zisizolala.

Chini ya siti nilipata risiti ya karo, na chaki tatu.

Mnunuzi alitoka Busia, daktari wa meno, Amunavi,
viatu vyake vikikwepa oili.
"Nataka ya zamani," alisema, "lakini isionekane ilizeeka."
Akalizunguka mara mbili. Laki tisa, sawa.
Akasimama kushoto. Na hili shimo?
Nikaanza kusimulia kiboko. Akatazama saa.
Hili shimo, fundi, ni laki moja.

Laki moja ni mshahara wa Wandera miezi minne.
Laki moja ni kodi ya karakana niliyokuwa nikiikimbia.
Nikachora duara kuzunguka kibonyeo
kwa chaki ya mwalimu, maana ndiyo iliyokuwa karibu,
nikapaka puti, nikangoja, nikapaka tena.
Msasa namba themanini. Mia mbili na ishirini. Mia nne, na maji.
Nikafumba macho, nikapitisha kiganja:
pamenyooka kama hapakuwahi kutokea kitu.
Kisha rangi, ile ile yake, ya maziwa yaliyoganda.

Jumapili Dorsila akapiga simu.
Gari lilipona? Lilipona, mama.
Na kibonyeo?
Nyuma ya sauti yake nikasikia kuku.
"Kipo," nikasema. "Kipo palepale."
Na sikudanganya: kipo, chini ya puti,
chini ya matabaka matatu ya rangi, kipo.
"Basi siku moja mlilete," akasema, "nikipapase."

Januari, jua la Busia likipasua lami,
daktari naye akapiga, sauti imekauka.
Mlango wa nyuma, kushoto. Rangi imeanza kuzama.
Adhuhuri, ukisimama upande, kuna duara,
upana wa karai hivi.
Huyu mtu huziba mashimo kila siku ili ale;
anajua kilichozibwa kwa haraka.

Lilete, nikamwambia.
Na ukifika Maseno, usipite kasi.
Kuna mama mmoja atakusimamisha.
Mpe mkono wako, akuelekeze.